Shingo ya Farasi na Njia ya Kilosa

Farasi wa kijivu aliyekuwa zawadi ya Sultani Barghash alikufa Kingaru, siku chache tu bara ya Bagamoyo, mwaka 1871. Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alikuwa ameondoka pwani na farasi wawili na kundi la punda. Stanley hakuridhika kumwona farasi wake amelala tu. Akaagiza apasuliwe. Ndani ya tumbo wakakuta mtama na majani ambayo hayajasagika, na minyoo minene mifupi, myeupe, ishirini na mitano, imenata kwenye ukuta wa tumbo kama ruba. Matumbo nayo yalijaa minyoo mirefu. Farasi wa pili hakukawia kumfuata mwenzake.

Mzoga ukazikwa hatua chache kutoka kambini, na hapo ugomvi ukazuka. Mkuu wa kijiji, naye akiitwa Kingaru, akaja kuuliza ni nani aliyempa mgeni ruhusa ya kuzika mnyama wake katika ardhi ya watu. Akadai doti mbili za nguo. Stanley akajibu kwamba yuko tayari kumfukua farasi na kumwacha juu ya ardhi, kama alivyokuwa alipokufa. Mkuu akaipima harufu itakayofuata, akalegeza dai lake.

Huo ni miongoni mwa upasuaji wa farasi wa mwanzo kuandikwa katika njia ya kwenda Usagara, na ulifanywa kwa mnyama aliyekwisha kufa. Kwa miaka mingi iliyofuata desturi haikubadilika: katika njia ya Kilosa kisu kilimfikia farasi baada ya roho kutoka. Kwingineko duniani, ndani ya muda huohuo, kisu kilijifunza kumfikia akiwa hai, kikafika hata mahali ambapo zamani hapakuwa na tiba ila risasi, yaani shingo iliyovunjika. Historia hizi mbili huandikwa mbali mbali, moja katika vitabu vya vita na misafara, nyingine katika vitabu vya madaktari wa mifugo. Mimi naziona ni historia moja, na Kilosa ni mahali pazuri pa kuisimulia.

Mbele ya Stanley ilikuwapo Mkata. Leo msafiri wa basi la Iringa au Mbeya huipita nyanda hiyo kwa starehe, akitazama twiga na nyati wa Hifadhi ya Mikumi kupitia dirishani. Mwaka ule ilikuwa masika, na tambarare yote kati ya milima ya Uluguru na ile ya Usagara ilikuwa maji na tope. Punda wenye mizigo walizama mpaka tumboni. Waliofika Rehenneko, chini ya milima, walifika wamedhoofu, na vifo vikaendelea siku baada ya siku. Hata mbwa wa Stanley, Omar, alifia huko. Kutoka hapo njia ilifuata bonde la Mto Mkondoa, mto uleule unaopita Kilosa, kuelekea Mpwapwa.

Wenyeji wa njia hiyo hawakuhitaji kupasua tumbo la farasi ili wajue kwamba nchi ile haifugiki. Walimjua mbung'o. Walijua vichaka vya kuepuka, na saa za kuvuka. Ndiyo maana mizigo ya Unyamwezi na Ujiji ilisafiri mabegani na vichwani mwa wapagazi karne nzima, na wala si kwa sababu watu hawakuwahi kumwona mnyama wa kubeba. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alijaribu hata tembo wa Asia: wanne walishushwa Msasani, wakatembezwa mpaka Mpwapwa chini ya Kapteni Carter. Kuumwa na mbung'o hakukuwaua njiani, lakini mradi wenyewe ulikufa upesi, na Carter mwenyewe aliuawa mwaka 1880.

Sayansi ilikuja baadaye kuthibitisha walichokijua wapagazi. Kati ya mwaka 1894 na 1895, David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, akiwa Ubombo katika nchi ya Wazulu, aliona kijidudu chenye umbo la mkia katika damu ya ng'ombe na farasi wenye ugonjwa uitwao nagana, akaonyesha kwamba mbung'o ndiye mchukuzi wake. Miaka michache baadaye Robert Koch naye alikuwa Dar es Salaam akiuchunguza ugonjwa huohuo. Kwa ng'ombe nagana huweza kwenda polepole. Kwa farasi ni hukumu ya wiki chache: homa, uvimbe wa tumbo na miguu, macho kupata ukungu, mwili kukauka huku mnyama akiendelea kula.

Na mbung'o hakuwa peke yake. Kulikuwa na ugonjwa mwingine, ule unaoitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaosababishwa na kirusi na kuenezwa na visubi, wale wadudu wadogo wa usiku ambao mtu huwahisi kabla ya kuwaona. Farasi mgeni akiupata, mashimo yaliyo juu ya macho huvimba, mapafu hujaa maji, na povu jeupe hutoka puani. Asubuhi anakula, jioni amekufa. Arnold Theiler, aliyeanzisha kituo cha utafiti cha Onderstepoort karibu na Pretoria mwaka 1908, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akiutafutia kinga, na chanjo ya kutegemeka ilipatikana huko katika miaka ya 1930, baada ya zama zake kituoni. Ilikuwa imechelewa sana kwa farasi walioletwa Kilosa.

Hao waliletwa mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Jenerali Jan Smuts, aliyepewa uongozi wa majeshi ya Waingereza katika Afrika Mashariki, alitoka katika nchi ya wapanda farasi na aliamini katika mbio. Wazo lake lilikuwa kumzunguka Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na askari wake kwa vikosi vya farasi. Mzunguko mkubwa kuliko yote alimkabidhi Jacob van Deventer, kaburu mrefu aliyekuwa amepigana na Waingereza hao hao katika vita ya 1899 hadi 1902. Katika vita ile Van Deventer alijeruhiwa kooni. Alipona, lakini sauti yake ilibaki ya kukwaruza, na amri zake zilitoka kwa mnong'ono. Nitamrudia mtu huyu na koo lake.

Aprili 1916 Van Deventer aliondoka Arusha na wapanda farasi wake, akauteka mlima wa Lolkisale, akaingia Kondoa Irangi tarehe 19. Masika yakamfungia hapo. Farasi walikuwa wamekwisha kufa kwa mamia njiani, na wengine wakafia Kondoa. Juni akaendelea kusini. Dodoma ikaanguka mwishoni mwa Julai, Mpwapwa katikati ya Agosti, na kutoka Mpwapwa akashuka katika mabonde membamba ya Mkondoa, akipigana kilima hadi kilima kando ya reli ambayo Wajerumani walikuwa wakiivunja madaraja nyuma yao. Kilosa ilichukuliwa tarehe 22 Agosti 1916. Siku nne baadaye jeshi jingine la Smuts likaingia Morogoro.

Ukiutazama mwendo huo kwenye ramani unaonekana ushindi. Ukiutazama kwa macho ya farasi, ni safari ya kutoka nyanda za baridi kuingia polepole katika nyumba ya mbung'o. Na haukuishia Kilosa. Septemba Van Deventer aligeukia kusini, akapita Ulaya na Kisanga mpaka Kidodi, chini ya milima ya Vidunda, akielekea Ruaha Mkuu. Ni nchi ileile ya Mikumi, yenye mivumo mirefu ambayo wenyeji huiita mikumi, nayo ikaupa mji jina. Ni misitu ya miyombo, mabonde ya nyasi ndefu, kivuli na unyevu. Mbung'o hakuweza kutamani mahali bora zaidi.

Madaktari wa mifugo wa jeshi waliwapa farasi aseniki. Hawakudhani kwamba ingewaponya. Sumu hiyo kwa kipimo kidogo iliwashikilia miguuni kwa wiki chache zaidi, kisha wakaanguka. Farasi alihesabiwa kama risasi ama unga, kitu cha kutumika kikaisha, na wengine wapya wakashushwa bandarini kujaza pengo. Kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Novemba 1916, katika uwanja wote wa vita wa Afrika Mashariki, walikufa farasi kiasi cha 10,000, baghala 10,000, maksai 11,000 na punda 2,500. Miezi miwili. Kwa msomaji asiyemjua baghala, huyo ni mtoto wa punda na farasi, ambaye vitabu vingi vya Kiswahili humwita nyumbu. Si nyumbu wa porini anayelisha Mkata hadi leo bila kumwogopa mbung'o.

Takwimu hizo zinaacha jambo nje. Zinahesabu ugonjwa, kwa kuwa ugonjwa ulifunika kila kitu. Lakini farasi wa vita huanguka. Huteleza kwenye mawe ya mto, huingiza mguu katika shimo la muhanga, huburutwa na gari la mizigo linaloporomoka. Anapoanguka kwa kasi kichwa kikitangulia, uzito wote wa mwili hufuata nyuma na kukutana shingoni.

Shingo ya farasi ina pingili saba, sawa na ya binadamu, sawa na ya twiga. Ya kwanza hubeba fuvu, na kwa kiungo hicho farasi huitikia kwa kichwa. Ya pili ina kijino kinachoingia ndani ya ile ya kwanza, na kukizunguka hicho hukataa kwa kichwa, kushoto na kulia. Katikati ya pingili zote hupita ugwe wa mgongo, mlaini, unaopeleka amri ya kila hatua. Kichwa na shingo ya farasi wa kilo 500 ni kiasi cha kilo 50, mzigo wa gunia la simenti unaoning'inia mbele ya mabega maisha yake yote. Mtoto wa farasi huweza kuvunjika kile kijino kwa kujibwaga tu chali, au kwa kuvuta nyuma akiwa amefungwa kamba kwa mara ya kwanza.

Si kila shingo iliyovunjika huua. Farasi mwingine husimama, shingo imekakamaa kama gogo, asiweze kuishusha kula majani, na mwenye kumpenda akimwinulia chakula na maji mpaka kifuani, akamfungia zizini miezi kadhaa, mfupa hujiunga wenyewe. Mwingine hutembea akipepesuka, kwato za nyuma zikiburura, dalili kwamba ugwe umebanwa. Mwingine hainuki tena. Mwaka 1916 wote hawa watatu walikuwa na tiba moja. Klorofomu ilikuwapo, visu vilikuwapo, na eksirei ilikuwa imegunduliwa tangu 1895. Lakini mashine za wakati ule hazikuweza kupenya nyama ya shingo nene kiasi hicho, hakuna aliyekuwa na chuma cha kuishikilia pingili, na hakuna jeshi linalomsubiri farasi miezi sita katika nchi ambamo mbung'o atamwua ndani ya wiki sita. Daktari alitoa bastola. Sitamlaumu. Katika Kilosa ya mwaka ule hiyo ndiyo huruma pekee aliyokuwa nayo mkononi.

Farasi walipokwisha, mzigo haukubaki chini. Ulirudi palepale ulipokuwa kabla ya Smuts, kwenye vichwa vya watu. Vijana walikusanywa vijijini, wengi kwa nguvu, kubeba risasi na unga wa majeshi, na kwa hesabu za Waingereza wenyewe zaidi ya 40,000 kati yao walikufa, hasa kwa kuhara, malaria na njaa. Jina la kikosi chao limebaki Dar es Salaam katika soko la Kariakoo, na watu hupigana vikumbo hapo kila siku bila kulisikia ndani yake. Nimesoma kurasa nyingi zenye huzuni ya kweli juu ya farasi wa kampeni ile. Nazielewa, na nataka mpagazi aliyerithi mzigo wa farasi aliyekufa Kidodi akumbukwe katika sentensi ileile.

Baada ya vita Kilosa ilipata nafasi ya ajabu kidogo katika elimu ya mbung'o. Mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, C.F.M. Swynnerton, aliweka makao yake hapo, na msaidizi wake Arthur Loveridge alikusanya nyoka, mijusi na ndege wa Kilosa waliojaza makabati ya makumbusho. Swynnerton alimwinda mbung'o kwa moto wa nyasi, kwa kufyeka vichaka, kwa mitego, na baadaye akahamishia kazi hiyo Shinyanga. Aina mojawapo ya mbung'o ina jina lake. Alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, akiwa bado kazini. Dawa za nagana zilizofanya kazi vizuri zilianza kupatikana miaka ya 1950, lakini kufikia wakati huo hakuna aliyekuwa akileta farasi Kilosa. Lori lilikuwa limechukua nafasi yake.

Kwa hiyo ujuzi wa kuunga shingo ya farasi ulizaliwa mbali, katika nchi ambazo farasi anaweza kuishi miaka 25, na mtu akaona inafaa kuhangaika naye. Ulianzia kwa binadamu. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu wa Honolulu, Ralph Cloward, alichapisha njia ya kuifikia shingo kutokea mbele, kupitia kooni, kuondoa gegedu lililoharibika kati ya pingili mbili na kupachika kipande cha mfupa ili pingili hizo ziungane. Katika miaka ya 1970, huko jimbo la Washington nchini Marekani, madaktari wa mifugo Pamela Wagner na Barrie Grant waliungana na daktari wa mifupa wa watu, George Bagby, wakiwa na farasi waliokuwa wakipepesuka kwa sababu pingili za shingo zilibana ugwe. Kipande cha mfupa kilichomtosha mtu kilipondeka chini ya uzito wa kichwa cha farasi. Bagby akabuni kikapu kidogo cha chuma kisichoshika kutu, kimetobolewa matundu pande zote. Kilipachikwa kati ya pingili, kikajazwa mfupa wa farasi huyohuyo, na mfupa mpya ukaota kupitia matundu mpaka chuma na pingili vikawa kitu kimoja. Mwishoni mwa miaka hiyohiyo iliandikwa pia habari ya mtoto wa farasi aliyeungwa kijino cha pingili ya pili kilichovunjika.

Kilichofuata hunifurahisha kila ninapokisimulia. Kikapu hicho kilirudi kwa binadamu. Bagby na Stephen Kuslich walikitengenezea umbo la kufaa mgongo wa mtu, na mwaka 1996 kikaidhinishwa Marekani. Kuna watu leo wanaotembea bila maumivu kwa sababu farasi kadhaa wa Washington walipepesuka.

Farasi maarufu kuliko wote waliowekewa kikapu hicho ni Seattle Slew, mshindi wa mashindano yote matatu makuu ya Marekani mwaka 1977. Alifanyiwa upasuaji wa shingo mwaka 2000, na tena mwaka 2002 akiwa mzee wa miaka 28. Alikufa usingizini tarehe 7 Mei 2002, siku ileile aliyoshinda Kentucky Derby miaka 25 nyuma.

Kwa shingo iliyovunjika hasa, chuma kinachotumika zaidi siku hizi ni bamba lenye skrubu zinazojifunga ndani ya bamba lenyewe. Bamba hilo ni tunda la shule ya upasuaji wa mifupa iliyoanzishwa Uswisi mwaka 1958, nayo ikalitoa mwanzoni mwa karne hii. Farasi hulazwa kwa dawa ya usingizi, huinuliwa kwa winchi akiwa amefungwa miguu yote, na kuwekwa chali, miguu juu, shingo imenyooshwa. Ni mkao ambao mnyama huyu hakuumbiwa: matumbo yake mazito hubana mapafu, na misuli ya mgongo inayokandamizwa na uzito wake mwenyewe huweza kufa kwa kukosa damu. Kila dakika ina thamani. Mpasuaji hukata katikati ya upande wa chini wa shingo, husukuma koromeo kando kwa mkono, na kupita taratibu pembeni ya mshipa mkubwa wa damu unaopiga kama ngoma chini ya kidole. Sambamba nao kuna mshipa mwembamba wa fahamu unaokwenda kwenye zoloto. Ukijeruhiwa huo, farasi hupona shingo na kupoteza sauti na pumzi, atakoroma kila akikimbia. Jenerali wa mnong'ono aliyeingia Kilosa angeelewa. Njia ya kufika kwenye pingili hupita palepale koo linapokaa, kwa mtu na kwa farasi.

Mfupa ukionekana, vipande hurudishwa mahali pake, bamba hulazwa juu yake, na skrubu hupigwa moja moja chini ya macho ya eksirei. Skrubu ikiwa fupi haishiki. Ikizidi kidogo huingia penye ugwe. Halafu nyama hushonwa tabaka kwa tabaka.

Hapo mtu angedhani kazi imekwisha, na ndipo hofu kubwa huanza. Mgonjwa wa kibinadamu huambiwa alale atulie. Farasi ni mnyama wa kuwindwa, na miaka mingi ya kukimbia simba imemfundisha kwamba aliyelala ni mfu. Dawa ikianza kumtoka hataki kungoja. Hujaribu kusimama akiwa bado amelewa, huanguka, hujipiga ukutani, na shingo iliyotoka kuungwa huweza kuvunjika upya katika dakika hiyo. Kwa sababu hiyo huamshwa katika chumba chenye kuta za magodoro, amevikwa kofia ngumu, kamba moja kichwani na nyingine mkiani, watu nje ya ukuta wakivuta kumsaidia. Hata miongoni mwa farasi wenye afya wanaolazwa kwa upasuaji mdogo, takriban mmoja kati ya mia hufa kwa sababu ya usingizi wenyewe. Kwa mwenye mfupa uliovunjika hatari ni kubwa zaidi.

Tanzania ina farasi. Jeshi la Polisi lina kikosi chake cha mbwa na farasi, na wako farasi wa kupanda Arusha na katika nyanda za baridi za Mufindi, huko juu, nje ya himaya ya mbung'o. Morogoro, saa chache tu kutoka Kilosa, ndiko wanakosomea madaktari wa mifugo wa nchi hii. Mafunzo hayo yalianza mwaka 1976 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu 1984 ni ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Elimu ya mfupa haina siri ambayo mwanafunzi wa Morogoro hawezi kuipata. Winchi, chumba cha magodoro na bamba la Uswisi ni vitu vya kununuliwa. Kigumu kuliko vyote ni wingi wa wagonjwa, maana mkono wa mpasuaji hunolewa na shingo nyingi, na farasi wa nchi hii ni wachache.

Walio wengi ni punda. Katika vijiji vya wafugaji wa Kilosa punda hubeba maji, mahindi na wagonjwa. Shingo yake ni ya pingili saba zilezile, na hubeba mzigo wa aina nyingine: nira ya ng'ombe aliyobandikwa ikamchubua, kamba iliyomkaba. Mguu wa mbuzi au ndama ukivunjika, wako wazee wanaojua kuufunga gango la vijiti na ukapona. Shingo haifungiki gango. Punda aliyeangukia korongoni na shingo yake hupewa leo kilekile alichopewa farasi wa Van Deventer, kwa kisu badala ya bastola.

Na wako pundamilia. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia hukata Hifadhi ya Mikumi kwa kiasi cha kilomita 50, na tangu hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1964 magari yamezidi kuwa mengi na mazito. Vibao vya barabarani humwonya dereva juu ya mwendo, na hata faini ya kila mnyama imeandikwa. Usiku bado wanagongwa. Pundamilia humbeba kirusi cha ugonjwa wa farasi katika damu yake bila kuugua, na milia yake humtatanisha mbung'o anayetaka kutua. Alikuwapo Mkata punda wa Stanley walipozama, na alikuwapo vikosi vya Van Deventer vilipopita kuelekea Kidodi. Wanyama wengi walioletwa na watu walifia hapo, yeye akaendelea kulisha.

Lori likimpiga ubavuni kwa mwendo wa usiku, kichwa hubaki nyuma na mwili hutangulia, na shingo hulipa tofauti. Asubuhi askari wa hifadhi humkuta ukingoni mwa lami, macho wazi. Huburutwa mbali na barabara ili fisi na tai wanaomfuata wasigongwe nao. Kisha hupimwa, huandikwa tarehe na kilomita, na gari la askari huondoka.